Nusu Inchi

Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, la kwendea kazini, na halikuwa na kasoro yoyote. Nililigeuza ndani nje nikitafuta palipofumuka, nisipaone. Mteja alikuwa amesimama barazani, bega limeegemea nguzo, anatazama bodaboda zinavyopita kama mtu asiye na haraka. "Fundi," akasema, "naomba unihamishie vifungo."

Kuhamisha vifungo ni kazi ya walionenepa. Unasogeza kila kifungo robo inchi kuelekea ukingoni, dakika ishirini zimetosha, malipo yenyewe hela ya soda. Nikamtania kwamba sioni alikonenepa. Akacheka kidogo, kisha akateremsha sauti. "Si kuvisogeza. Vitoke upande huu, viende upande wa pili."

Msomaji ambaye hajawahi kukalia cherehani aende akafungue kabati. Shati la kiume lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji, matundu kushoto. Blauzi ni kinyume chake. Ukiuliza sababu, kila fundi atakupa hadithi yake, huyu ya askari na upanga, yule ya mama na mtoto anayenyonya, na mimi siamini hata moja. Ninachojua ni kwamba watu hawaangalii. Tangu nianze kushona hapa Morogoro sijamsikia mke akilalamika kwamba vifungo vya mumewe vimekaa upande usio wake. Ni tofauti ambayo vidole vinaijua na macho hayaijui. Vidole vikishazoea kufunga kutoka kushoto, vitafunga hivyo hata umeme ukikatika.

Kwa hiyo mteja wangu alikuwa anaomba kitu ambacho hakuna atakayekiona, na kazi yake haikuwa ndogo. Matundu saba ya zamani yazibwe kwa uzi wa rangi ileile, mshono juu ya mshono, mpaka kidole kipite bila kukwama. Mengine saba yatobolewe upande wa pili na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Kisha vifungo virudishwe. Gharama yake inapita bei ya shati zima la mitumba. Nilimwambia. Akasema anajua, akaliacha shati.

Likafuata la pili, la buluu mpauko. Lilipofika la tatu nilikuwa nimeshaelewa, naye akaona nimeelewa, na hakuna aliyelitaja hadi masika yalipoingia.

Huyu ni mwanamke. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo alivyoanza mwenyewe, siku mvua ilipomzuia kwangu kuanzia saa tisa mpaka magharibi na wateja wengine wakawa wamekimbia. Mkunga alitangaza mtoto wa kiume, cheti kikaandikwa hivyo, na tangu hapo kila karatasi imenakili karatasi iliyotangulia. Ana kazi ya ofisini, ana kitambulisho, ana nafasi yake katika ukoo, na vyote vinasema mwanaume. Magazeti yana neno lao, "aliyebadili jinsia". Analikataa. Anasema hajabadili kitu, anachofanya ni kusogeza nje, kidogo kidogo, ikaribiane na ndani. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Jina silitaji wala mtaa siutaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza makusudi, kama tunavyoanika kitenge upande wa ndani jua lisije likakichujua.

Kiswahili chenyewe kimenisaidia kumficha. "Amekuja" ni amekuja tu, haisemi mke wala mume. Mwingereza angeshalazimika kuchagua kwenye sentensi yake ya pili. Taabu yetu iko kwenye kuitana: kaka, dada, bwana, bibi, baba fulani, mama fulani. Hapo kila mlango una upande. Isipokuwa mmoja, na umri wangu ndio ulionikumbusha: enzi za TANU tuliitana Ndugu, waziri na mkulima, mke na mume, na barua za serikali zikaanza hivyo. Basi wateja wengine wakiwapo, namwita Ndugu. Wanadhani ni utani wa watu wa zamani. Yeye huinua macho kila nikilitamka.

Sasa ile nusu inchi. Aliniletea suruali za kiume za kawaida, akataka nipunguze kiunoni na nisiguse makalio. Suruali ikibanwa kiunoni peke yake, nyonga huonekana zimepanuka ingawa hazijaongezwa uzi hata mmoja. Ni hesabu ya macho ambayo kila mshona magauni anaijua. Alitaka nusu inchi kila upande. Mimi, kwa shauku ya kumfurahisha, nikabana inchi nzima. Akavaa nyuma ya pazia, akajitazama kwenye kioo kirefu, akageuka, akajitazama tena, muda mrefu kuliko ninavyomruhusu mteja siku ya Jumamosi. Kisha akavua. "Imependeza sana," akasema. "Irudishe."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kama fundi mwenzangu. Wengi wetu tunajua kuongeza. Mteja akitaka lesi tunaweka lesi, akitaka shanga tunaweka shanga, na bibi arusi anatoka dukani akimeta kama jukwaa. Huyu alijiona, pengine kwa mara ya kwanza, katika nguo iliyomfuata mwili jinsi alivyotamani tangu utoto, akaivua kwa sababu ilikuwa imezidi kwa nusu inchi. Nimewaona mafundi wa miaka mingi wasioweza kuzuia mkono wao namna ile.

Mabegani tulifanya hivyohivyo. Mshono wa bega la shati la kiume hukaa ncha ya mfupa au kuuvuka kidogo. Ukiuingiza ndani nusu inchi, bega linapungua, na anayetazama ataona tu kwamba shati limemkaa vizuri. Kola nikazitoa kitambaa kigumu cha ndani, zikalala. Vitambaa alichagua vyepesi, vya kuanguka, visivyosimama kama mashati ya sherehe za kiserikali. Rangi hakuzigombania. Pinki hakuigusa kabisa, alipita kwenye maziwa, buluu ya kupauka, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Na hakuleta vitu viwili kwa pamoja. Kama kiuno kimebadilika Machi, kola itasubiri Juni. "Watu," aliniambia, "wanaona kilichobadilika jana. Kilichobadilika mwaka jana wanadhani kilikuwapo siku zote." Ratiba yote iko kichwani. Nilimshauri awe na daftari la vipimo, akanitazama kwa huruma. Daftari husomeka.

Nyusi zilichukua mwaka. Ukienda kutinda saluni watamaliza kwa dakika tano za wembe na kukutoa mlangoni na upinde wa mwezi juu ya kila jicho. Yeye alinunua kibanio kidogo, na kila Jumapili jioni aling'oa nywele mbili, pengine tatu, za upande wa chini tu, maana kosa la juu linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara na la chini limejificha kwenye kivuli. Kucha amezichonga ziwe na umbo la yai, zimepita ncha ya kidole kwa unene wa sarafu, hazina rangi. Anazisugua kwa kitambaa na tone la mafuta ya nazi mpaka zinang'aa kama za mtu anayekula vizuri. Ndevu hunyoa alfajiri, mara mbili, kwa maji ya moto. Liwa na manjano hupaka Ijumaa usiku mlango ukiwa na komeo. Manjano yaliwahi kumponza, aliyachelewesha hadi Jumapili, Jumatatu akaingia ofisini na masikio ya njano. Akasema alikuwa akipika mchuzi akajifuta. Walimcheka kwa kutojua kupika, kicheko ambacho anasema kilimuumiza kuliko kama wangeuliza, kwa sababu anapika vizuri mno. Udi haukumsumbua. Hapa kwetu mwanaume anafukiza kanzu yake na mke anafukiza khanga zake kwa chetezo kilekile, hivyo akafukiza kwa raha zake.

Nguo ni kazi yake na yangu. Yaliyobaki ni yake peke yake, na ndiyo magumu.

Aliwasoma wanawake. Si wa filamu wala wa video za muziki, hao anasema wamezidisha inchi tatu. Aliwasoma akina mama wa Soko la Mawenzi, na wale wanaoteremka kutoka Choma asubuhi na vikapu vya ndizi na majimbi. Akaniorodheshea nisivyowahi kuviona mimi niliyezaliwa navyo. Kwamba mwanamke akitafuta kitu kwenye mkoba haangalii, mkono ndio unaoangalia. Kwamba akisikiliza habari nzito hushika kitu, shingo, pindo la khanga, kidole cha mkono wa pili. Kwamba akicheka sana humgusa aliye karibu, kana kwamba kicheko kinahitaji mahali pa kuegemea. Kwamba kulembua macho na kubetua midomo, ambavyo kila anayemwigiza mwanamke jukwaani huanza navyo, sokoni utakaa tangu asubuhi hadi adhuhuri ndipo uvione mara moja, tena kwa mwenye sababu.

Kisha akavipitisha vyote kwenye chujio, na chujio lenyewe ndilo ninalolistaajabia mpaka leo. Kwa kila ishara alijiuliza: yupo mwanaume mmoja hapa mjini anayefanya hivi na hakuna anayemuuliza? Akiwapo, anaichukua. Asipokuwapo, anaiacha, hata kama anaitamani. Kupokea kwa mikono miwili wazee wa Kiluguru wanafanya, akachukua. Kuinamisha macho wakati wa kusalimiwa mashehe wanafanya, akachukua. Kuweka mkono kiunoni wachezaji mpira wanafanya wakisubiri kona ipigwe, akachukua, akauteremsha kidogo. Kukaa na kukutanisha magoti alijifunza kwa padri mmoja. Kila kipande kina mwenyewe wa kiume anayeweza kutajwa kama shahidi. Vimeunganishwa kwa mtu mmoja vimekuwa mwanamke, na hakuna mshono unaoonekana.

Nyumbani jioni huvaa msuli kama wanaume wote wa mtaani. Mwanaume huuviringisha tumboni hadi ukaze. Yeye huukunja na kuchomeka ncha ubavuni, jinsi mimi ninavyochomeka khanga. Majirani wanaona msuli.

Mwendo aliutoa mlimani. Huku bondeni, ukisimama Msamvu ukatazama abiria wanavyoshuka kwenye mabasi, wanaume wanatembea kwa mabega, wanaogelea hewani. Njia za Uluguru haziruhusu hilo. Kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100 na mji uko miguuni pake, kwa hiyo vijia vinateremka kama ngazi isiyo na mtu aliyeijenga. Hatua lazima iwe fupi, mguu uwekwe mbele ya mwenzake kwenye mstari, goti liwe laini, nyonga igeuke. Ukiwa na mzigo kichwani shingo husimama yenyewe. Nimewaona wanaume wa kule wakiteremka na matenga ya mboga kichwani, wanatembea kama dada zao, na asiyetembea hivyo anafika chini na nyanya zilizopondeka. Mteja wangu ana ndugu huko juu. Jumamosi nyingi alipanda mikono mitupu, akashuka na mkungu wa ndizi kichwani, na kwa saa mbili alikuwa na mwendo ambao barabara ya lami ingemletea maneno. Akifika mjini hubaki na theluthi yake. Theluthi hiyo ameipima, anaweza kukuonyesha nusu na kukuonyesha theluthi, na utaona tofauti.

Nilimuuliza siku moja kama hatamani kifua, kwa kuwa mengine yote tumeyagusa. Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya mlima, upande wa Matombo, ambako majabali mawili ndiyo yaliyoupa mji jina, na jina hilo kwa Kiluguru ni matiti. "Hayo yanatosha kwa wilaya nzima," akasema, tukacheka mpaka jirani akapunguza redio yake ya Mbaraka Mwinshehe atusikilize.

Wasiojua mila za hapa watadhani uke huja wenyewe kwa wengine na yeye peke yake ndiye aliyeusomea. Si kweli. Kwa Waluguru binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, zamani kwa miezi mingi, na akafundwa namna ya kukaa, kupokea, kunyamaza na kujibu, hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Wamisionari Wakatoliki waliusumbukia sana utaratibu huo, na Mholanzi Peter Pels ameyaandika mavutano hayo katika kitabu chake cha mwaka 1999. Mimi si Mluguru, ila nilifundwa, na somo yangu alinipiga kofi la goti kila nilipokaa vibaya. Goti langu la leo ni kazi ya mikono ya wanawake watatu. Goti la mteja wangu halina aliyeligusa. Dada zake walipowekwa ndani, yeye alikuwa uani anapasua kuni, anasikia nyimbo ukutani asizotakiwa kuzisikia. Aliyemfunda ni mama yake, jikoni, bila kujua kwamba anafunda.

Na hapo pana jambo la Kiluguru ambalo nilihitaji muda kulielewa. Ukoo wao unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mashamba ya ukoo hupita upande huo, na mwenye kauli katika mambo ya watoto ni mjomba. Roland Young na Henry Fosbrooke walilieleza hilo mwaka 1960 walipoandika juu ya ardhi na siasa za Waluguru, na ingawa mengi yamelegea tangu hapo, kwenye mazishi na mahari bado unamwona mjomba akisogezewa kiti. Dada zake wana watoto, hivyo yeye ni mjomba, tena wa kutegemewa. Nilidhani cheo hicho kinamwumiza kuliko vyote. Akanisahihisha. Baba unakuwa kwa nguvu zako mwenyewe. Mjomba unakuwa kwa sababu umetoka tumbo moja na mwanamke. "Kati ya majina yote ya kiume niliyovishwa," alisema, "hilo pekee haliniwashi."

Ng'ambo ya bahari, ambako baadhi ya wateja wangu wana shangazi na binamu, palikuwa na watu waliofanya kazi inayofanana na hii bila kuificha. Unni Wikan, mtafiti wa Norway, aliishi Sohar katika Oman katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 akachapisha makala iliyozua mabishano marefu kuhusu waliokuwa wakiitwa khanith. Kiswahili kimelichukua neno hilo, hanithi, kikalifanya tusi. Alichokiona Wikan ni cha kumsimamisha fundi yeyote. Wanaume walivaa kanzu nyeupe za kupwaya, wanawake nguo za maua na rangi kali zilizobana kiuno. Khanith alivaa kanzu ndefu ya kiume, ila ya rangi moja isiyo nyeupe, imebana kiunoni. Nywele za wanaume fupi, za wanawake ndefu, zake za kati. Wanaume walichana kurudi nyuma na wanawake mbele kutoka katikati, yeye mbele kutoka pembeni. Wote walifunika kichwa, yeye aliacha wazi. Nguo kamili za kike hakuruhusiwa. Kila alichovaa kilikuwa kimepimwa kati ya viwili, na mtu mita hamsini mbali angejua nani anakuja.

Nilimsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, ameshika pindo la shati, akasema ile ni kazi nzuri lakini ni rahisi zaidi. Wao walikata nguo ili waonekane wako katikati. Yeye anakata ili jicho lipite bila kusimama.

Kwa nini lisisimame, kila mtu anajua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tulikirithi kwa mkoloni, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikakiongezea uzito, kwa sasa miaka isiyopungua 30 hadi maisha. Kifungu hakisemi neno juu ya mashati, kinahukumu tendo. Ila vijana wa kijiweni hawasomi vifungu, wao husoma viuno. Kenya mambo yalikwenda njia nyingine kidogo, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mteja wangu anaijua hukumu ile kama wengine wanavyoyajua mabao ya Simba na Yanga. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na kwa magonjwa na madeni naafiki. Waliosema hivyo hawakuwa na kijiwe cha bodaboda mlangoni.

Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi walete majina. Serikali kuu ikasema baada ya siku chache kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi. Dar ni kilomita kama 190 kutoka hapa, lakini taarifa za simu hazipandi basi. Wiki ileile alikuja na mfuko wenye mashati manne na suruali tatu. "Legeza zote." Alikuwa amenyoa nywele zimeisha, na nyusi alikuwa ameziacha ziote. Nilikaa siku tatu nikifumua kazi yangu mwenyewe ya miaka, nusu inchi baada ya nusu inchi. Nilikuwa nimeacha akiba ya kitambaa ndani ya kila mshono, kama fundi mwenye adabu anavyopaswa, kwa hiyo nguo zilirudi kama zilivyozaliwa. Nikamuuliza vifungo je.

"Vifungo viache."

Tulianza upya mwaka uliofuata, kwa kiuno kwanza.

Sauti ndiyo aliyoihangaikia kuliko vyote, na ndiyo pekee anayoiona haijakamilika. Koo la mwanaume hutetemeka kwa wastani kama mara 120 kwa sekunde, la mwanamke kama 200, na sauti ikishavunjika ujanani hairudi, hata kwa dawa za homoni za kike. Nyuzi zilizonenepa zimenenepa. Aliyasoma hayo, akakata tamaa miezi kadhaa, kisha akagundua la kiufundi: urefu wa sauti si mambo yote. Iko sauti inayokaa kifuani na iko inayokaa mdomoni, mbele, karibu na meno, na ya mbele husikika nyepesi hata isipopanda. Hiyo inaweza kuhamishwa, kama vifungo. Mazoezi aliyafanyia juu kwenye Mto Morogoro, njia ya kwenda Morningside, mahali maji yanapoanguka kwenye mawe kwa kelele za kutosha kumfunika mtu. Aliniambia kwamba huko ndiko alikojifunza pia vigelegele. Nilishangaa, maana hivyo havina mwanaume hata mmoja wa kuvisingizia. "Ndiyo maana vinabaki mtoni," akasema.

Simu ikiita kutoka ofisini, huirudisha sauti kifuani kabla hajasema haloo. Nimeitazama ile nukta ya kurudisha. Kidevu kinashuka kama unene wa kidole, pumzi inaingia, na mwanaume anajibu. Akikata simu hukaa kimya kidogo kabla ya kuendelea na tulipoishia, na mimi hujifanya natafuta mkasi.

Juzi alikuja na kitenge cha sare. Binti wa dada yake anaolewa, familia imechagua kitambaa kimoja, akina mama watashona magauni na wanaume mashati. Nilimpima, ingawa namba zake nazijua bila futi, kwa sababu anapenda kupimwa. Anasimama wima, anainua mikono bila kuambiwa, na kwa dakika tano anashughulikiwa kwa taratibu ileile ninayowashughulikia wenye harusi wote. Bega nusu inchi ndani. Kiuno nusu inchi. Nikauliza, kalamu mkononi, vifungo upande gani.

Alitazama nje. Wingu lilikuwa limekaa kwenye Lupanga na kukata kilele chote, mlima ukawa kama nguo isiyo na kola.

"Kulia," akasema. "Siku ile nitapigwa picha nyingi, na kuna fundi mwingine wa upande wa bwana harusi. Siku ile mimi ni mjomba."

Nikaandika kulia. Akalipa nusu ya fedha, akaaga, akashuka ngazi za baraza kwa ile theluthi yake ya mwendo. Alifika mtaroni, akasita, akarudi.

"Kile cha mwisho kabisa," akasema kwa sauti ya mbele, "kinachoingia ndani ya suruali. Hicho weka kushoto."

Kazi kama hiyo sikuwahi kuifanya. Shati haliwezi kupishana kulia juu na kushoto chini bila kujivuta tumboni, na tumbo likivuta picha zote zitaonyesha. Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu nikapasua ukingo inchi mbili juu ya pindo, nikauzungushia uzi, nikaugeuza upite chini ya mwenzake badala ya juu, kisha nikatoboa tundu moja upande wa kulia na kushona kifungo kimoja kushoto. Nikapiga pasi. Nikalivaa mwenyewe, nikachomeka ndani ya sketi, nikasimama mbele ya kioo kirefu nikijigeuza huku na huku, na sikuona kitu.